TEMBO, POMBE NA BIA: MAJINA YA VINYWAJI NA HISTORIA YA KUONJA KATIKA KENYA

Utangulizi

Miongoni mwa methali zijulikanazo sana na wasemaji wa Kiswahili ni ile isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii hufundishwa kama onyo juu ya majivuno, na maelezo huishia hapo. Lakini ikitazamwa kwa jicho la mwanahistoria, methali hiyo ni ushahidi wa jambo jingine pia. Yaonyesha kwamba palikuwa na wanywaji walioweza kutambua tembo lililotiwa maji na lile lisilotiwa. Kwamba hukumu yao ilitamkwa hadharani ikamfikia mgema. Na kwamba jina la mgema, jema au baya, lilitegemea ndimi za watu hao. Kabla ya kuwapo ofisi yoyote ya viwango, mwonjaji ndiye aliyekuwa hakimu.

Makala haya yanakusudia kufuata habari za hakimu huyo. Swali kuu ni hili: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba kinywaji hiki ni chema na kile ni kibaya, na mamlaka hayo yalimtoka kwa njia gani? Hoja itakayotolewa ni kwamba majina ya vinywaji yenyewe yanatoa sehemu kubwa ya jibu. Majina ya zamani yalitokana na mti, nafaka au ladha. Yakafuata majina yaliyotokana na sheria, kisha yaliyotokana na nembo ya kiwanda, na mwishowe yaliyotokana na bei. Katika kila hatua mwonjaji alinyang'anywa kitu, na itaonekana kwamba katika hatua ya mwisho baadhi ya waonjaji walinyang'anywa uhai.

Tembo la pwani

Neno tembo lina maana mbili ambazo mgeni wa Kiswahili huzichanganya. Ni mnyama mkubwa aitwaye pia ndovu, na ni kinywaji kigemwacho kutoka kwenye mnazi. Msemaji mwenyewe hachanganyikiwi, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi humwongoza. Akisema "tembo amekuwa mkali", wasikilizaji watakimbia. Akisema "tembo limekuwa kali", huenda wakasogea karibu. Katika Kenya ya leo watu wengi wa pwani hukiita kinywaji hicho mnazi tu, jina la mti likichukua mahali pa kitokacho mtini.

Kazi ya mgema ni ya ustadi na ya hatari. Hupanda mti asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara changa kwa kisu kiitwacho kotama, na kukinga utomvu katika kibuyu. Utomvu huo ukiteremshwa upesi ni tembo tamu, ambalo halilevyi. Lakini chachu imo hewani na imo kibuyuni, na baada ya saa chache povu huanza kupanda. Tembo la asubuhi si tembo la jioni. Lililolala usiku kucha huwa kali. Likiachwa zaidi hugeuka siki. Kwa hiyo kinywaji kimoja kina umri, kama mtu, na kila umri una matumizi yake. Tembo lilitumika kuumulia unga wa mikate na vitumbua, na siki yake ilikuwa kiungo cha jikoni. Hata katika nyumba za Waislamu, ambamo kilevi ni haramu, ujuzi wa kutofautisha tembo tamu na tembo kali haukuwa jambo geni. Ulikuwa ujuzi wa lazima, kwa kuwa mpaka wa halali na haramu ulipita katikati ya kibuyu kimoja.

Kiswahili kilimpa mwonjaji maneno ya kutosha. Kinywaji kilichotiwa maji ni chapwa, au ni dufu. Kinachokaza ulimi kina ukakasi. Kinachokwaruza koo hukereketa. Kuna utamu, uchungu, ukali na uchachu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni kibaya kwa nafsi yake. Ubaya hutokea pale kimoja kinapozidi mahali pasipo pake. Maneno haya hayakutungwa kwa ajili ya tembo peke yake, kwani hutumika kwa chakula na matunda vilevile, lakini yalitosha kujenga hukumu kamili.

Miongoni mwa Wagiriama wa nyuma ya pwani hukumu hiyo ilihusu mambo makubwa kuliko ladha. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1972, alieleza jinsi minazi na ardhi vilivyonunuliwa na kuuzwa huko, na jinsi ushahidi wa wazee ulivyohitajika ili ununuzi utambulikane. Wazee waliokunywa pamoja ndio waliokumbuka nani alimuuzia nani nini. Kinywaji kilikuwa sehemu ya kumbukumbu ya jamii, na aliyejitenga na kibuyu alijitenga pia na mashahidi wake.

Vinywaji vya bara

Bara nako majina mengi yalifuata mmea. Muratina wa Wakikuyu umepata jina kutokana na tunda la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Kigelia africana. Tunda hilo hukaushwa na kutumiwa kuchachusha asali au maji ya miwa, na likitunzwa vizuri hutumika mara nyingi, kwa kuwa chachu hukaa ndani ya nyuzi zake. Familia iliyokuwa na matunda mazuri ilikuwa na urithi, na tofauti kati ya muratina wa boma moja na wa boma jingine ilianzia hapo.

Magharibi ya nchi busaa hupikwa kwa njia nyingine kabisa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa kwenye bati pana juu ya moto hadi ubadilike rangi na kutoa harufu ya kuungua kidogo. Baadaye hutiwa maji pamoja na kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa; na baada ya siku chache kinywaji huwa tayari kuchujwa. Ladha ya busaa basi ina tabaka mbili: uchachu wa unga uliolala na uchungu mwepesi wa moto. Mpishi aliyekaanga kwa haraka hujulikana mara moja, kwa kuwa busaa yake huonja ubichi. Aliyeunguza naye hujulikana.

Yafaa ikumbukwe hapa kwamba mahindi si nafaka ya asili ya Afrika. Yalitoka Marekani, na yalienea magharibi ya Kenya katika nyakati za karibuni kuliko mtama na ulezi. Kwa hiyo busaa ya mahindi, ambayo leo huitwa pombe ya asili, ni kinywaji kilichobadilika. Wapishi walipokea nafaka ngeni, wakaijaribu, wakailinganisha na ile ya zamani, na wakahifadhi kimea cha ulezi kwa kuwa hakikupatikana cha kukizidi. Huo ulikuwa utafiti, ijapokuwa haukuandikwa.

Wateso hawakuacha ulezi. Ajono yao huwekwa katika chungu, hutiwa maji ya moto, na wanywaji hukizunguka kwa mirija mirefu. Chungu kikipungua nguvu maji huongezwa tena, na mnywaji huonja kinywaji hichohicho kikishuka hatua kwa hatua, kikali kwanza na chepesi mwishowe. Ng'ambo ya mpaka, katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga hutengeneza mbege kwa ndizi mbivu zilizopikwa muda mrefu na kimea cha ulezi, na wengi huongeza gamba la mti uitwao msesewe ili utamu wa ndizi upate uchungu wa kuusawazisha. Kazi ya msesewe katika mbege yafanana na kazi ya hopsi katika bia ya Ulaya. Watu wawili wasiojuana, katika mabara mawili, walifikia hukumu moja: nafaka na matunda yaliyochachuka huhitaji uchungu ili yasichoshe ulimi.

Katika jamii nyingi hizo mpishi au mwenyeji ndiye aliyeonja kwanza mbele ya wageni. Desturi hiyo ilikuwa na maana mbili. Ilithibitisha kwamba hakuna sumu, na ilimfanya mpishi awajibike kwa kazi yake mbele ya macho ya watu. Aghalabu mpishi huyo alikuwa mwanamke, na aliyepika vibaya hakuwa na pa kujificha.

Sheria yabadili majina

Ukoloni haukuanza kwa kuuliza kuhusu ladha. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ilizuia vileo vikali visiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Baadhi ya waliounga mkono mikataba hiyo walikuwa na nia ya kulinda watu dhidi ya biashara mbaya ya pombe za Ulaya. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kinywaji kilianza kuainishwa kwa rangi ya mnywaji. Palikuwa na vinywaji vya Wazungu na palikuwa na "pombe ya wenyeji", na jina hilo la pili lilikusanya pamoja tembo, muratina, busaa na kaluvu ya Wakamba kana kwamba ni kitu kimoja.

Nairobi ilikuwa mfano ulio wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ya mji iliwazuia wakazi Waafrika wasijipikie pombe, ikafungua kilabu chake yenyewe huko Pumwani. Mpango huo ulifuata ule wa Durban, uliowezeshwa na sheria ya Natal ya mwaka 1908, ambao kwa huo halmashauri ilikuwa mpishi wa pekee na faida ya pombe ililipia huduma za Waafrika wenyewe. Wanawake waliokuwa wakipika majumbani wakawa wahalifu kwa kufanya jambo ambalo mama zao walisifiwa kwalo.

Jambo la kushangaza kwa mwanafunzi wa lugha ni jina lililotumika. Katika maandishi ya maofisa wa Kenya, neno tembo lilipanuliwa likawa jina la pombe yoyote ya Waafrika, hata ile ya nafaka au ya miwa katika nchi isiyoota mnazi hata mmoja. Neno lililokuwa na umri, na ukali, na utamu, lilivuliwa vyote hivyo. Mnywaji wa Pumwani hakuweza kumsifu mgema wala kumlaumu, kwa kuwa mgema alikuwa halmashauri. Angeweza kunywa au kuacha. Wengi waliacha, wakaenda kwa siri nyumbani kwa mwanamke waliyeuamini mkono wake. Na katika uamuzi huo, uliowahatarisha kukamatwa, hukumu ya ulimi iliendelea kuishi.

Tembo wa pili

Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, pamoja na H. A. Dowding, walianzisha kiwanda cha bia kilichokuja kujulikana kama Kenya Breweries. Mzigo wa kwanza, masanduku kumi, ulipelekwa katika hoteli ya Stanley mjini Nairobi mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumkumbuka mnyama huyo mwenye pembe. Hivyo mji mmoja ukawa na matembo mawili. La kwanza, lenye upatanisho wa kitu, liliuzwa Pumwani kwa Waafrika. Wa pili, mwenye upatanisho wa mnyama, alikuwa kwenye chupa ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua hadi mwaka 1947.

Marufuku hiyo ilifanya kazi ambayo tangazo lolote la biashara lisingaliweza kuifanya. Ilipoondolewa, bia ya chupa haikuonjwa kama kinywaji tu. Ilionjwa kama uraia. Karani au mwalimu aliyeketi mbele ya watu na chupa yake alikuwa akisema jambo kuhusu hadhi yake. Katika hali kama hiyo si rahisi kuuliza kama bia hiyo ni nzuri kuliko busaa. Swali lenyewe lilionekana la kishamba. Mlinganisho uliokwisha kufanywa na sheria ulipokelewa kana kwamba ulifanywa na ulimi.

Haifai, hata hivyo, kuidharau bia ya kiwandani. Ina sifa ambayo hakuna mgema aliyepata kuifikia: chupa ya Kisumu huonja sawa na chupa ya Malindi, na ya leo sawa na ya mwaka jana. Shayiri yake imelimwa Mau Narok, Timau na Moiben, na hopsi zake huletwa kutoka ng'ambo. Lakini sifa hiyo ina gharama. Ikiwa kinywaji hakibadiliki, mnywaji hana cha kulinganisha. Waonjaji wamehamia ndani ya kiwanda, na mteja amebakiziwa kuchagua nembo. Mhudumu wa baa ya Kenya humwuliza mteja neno moja tu, kama aitaka baridi au ya moto, yaani isiyowekwa kwenye barafu. Ndilo swali la ladha lililosalia.

Habari ya chibuku yaonyesha kwamba palikuwa na njia nyingine. Yasimuliwa kwamba Mjerumani mmoja, Max Heinrich, aliyetengeneza pombe ya nafaka huko Northern Rhodesia, ambayo sasa ni Zambia, aliandika katika daftari namna ya kila upishi na maoni ya wanywaji, na kwamba jina chibuku limetokana na kitabu hicho. Kinywaji hicho kilienea hata Tanzania. Ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli, basi ni kinywaji cha kiwandani kilichopewa jina kutokana na kusikilizwa kwa waonjaji.

Jina lawa bei

Uhuru haukuleta mabadiliko makubwa katika mtazamo wa sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilabu vya busaa vilifungwa, na mwaka 1980 ilipitishwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Mantiki yake ilieleweka, kwa kuwa ulevi uliharibu familia nyingi, na hakuna mwandishi mwaminifu awezaye kulikana hilo. Lakini marufuku haikutofautisha vya kutosha kati ya busaa, ambayo nguvu yake haizidi sana ile ya bia, na vileo vilivyokenekwa. Busaa ni nzito, huchukua siku nyingi, hunuka na huharibika upesi. Si kinywaji cha kufichika. Mpishi anayekimbizwa na askari huacha kinywaji kipikwacho kwa siku saba, akashika kile kiwezacho kubebwa katika chupa mfukoni. Hivyo marufuku iliukandamiza ujuzi wa zamani na kuupa nafasi ujanja mpya.

Mwezi Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga na sehemu jirani za Nairobi, watu zaidi ya mia moja walikufa, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa kileo kilichotiwa metanoli. Kileo hicho kilikuwa na jina: kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi kumi. Mwezi Mei 2014 maafa ya namna hiyo yalirudi katika wilaya kadhaa za zamani za Kenya ya kati na mashariki. Metanoli ni kemikali ya viwandani. Katika mchanganyiko ulimi hauwezi kuitenganisha na kileo cha kawaida. Mwonjaji aliyeweza kutambua maji katika tembo, ubichi katika busaa na wingi wa msesewe katika mbege, hapa hakuwa na silaha. Na jina alilopewa kinywaji halikumwambia mti, wala nafaka, wala ladha, wala mpishi. Lilimwambia bei tu.

Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliifuta ile ya 1980, ikaruhusu vinywaji hivyo vitengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Kabla yake, mwaka 2004, kiwanda kikuu kilitoa Senator, bia ya pipa iliyopunguziwa ushuru ili iwavute wanywaji wa mapato madogo kutoka kwenye vileo haramu; ushuru ulipoongezwa mwaka 2013 mauzo yake yalianguka. Bia hiyo ilihitaji mtama, hasa ule uitwao gadam, unaolimwa katika sehemu kavu za Ukambani. Kiwanda kikubwa, baada ya miongo mingi ya shayiri, kilirudi kwenye nafaka ya bibi.

Hitimisho

Katika muongo wa 2010 vilianzishwa Nairobi viwanda vidogo vya bia, ambavyo hutengeneza aina kadhaa kwa mara moja na kumwekea mteja glasi ndogo ndogo ili aonje na kulinganisha kabla ya kununua. Wengi huona jambo hilo kuwa geni, lililotoka Ulaya na Marekani pamoja na istilahi zake. Historia iliyoelezwa hapa yaonyesha vinginevyo. Kukaa mbele ya mpishi, kuonja, kulinganisha na kutamka hukumu ni desturi ya zamani ya nchi hii, iliyokatizwa na sheria kwa muda usiofika hata miaka mia moja.

Hata hivyo desturi hairudi yenyewe. Mnywaji aketiye leo mbele ya glasi hizo hutafuta maneno katika lugha ya kigeni, hali ukakasi, uchachu, chapwa na dufu yamo katika kinywa chake tangu utotoni. Na mpishi wa busaa, ambaye ujuzi wake ndio ulio karibu zaidi na wa viwanda hivyo, hajaalikwa mezani. Ikiwa wataalamu wa lugha za Kiafrika wataandika istilahi za wapishi hao kabla hazijapotea, watakuwa wamefanya zaidi ya kukusanya maneno. Jamii yenye maneno ya kuhukumu kinywaji humjua aliyekipika na humdai ukweli. Isiyo nayo huuliza bei, ikanywa.